Ukifika mji usioujua, anzia kwenye mizani

Kwenye simu yangu kuna namba nilizozihifadhi kwa majina ambayo mke wangu aliwahi kuyatilia shaka. "Migebuka Kigoma." "Supu Singida." "Changu Tanga." "Dada Kisamvu Moro." Hili la mwisho ndilo lililotufikisha kikaoni. Nikaipiga namba mbele yake, nikaweka sauti juu, dada wa kisamvu akapokea: "Fundi, leo kimeisha, njoo kesho mapema." Kikao kikaahirishwa mpaka leo.

Mimi ni fundi mizani. Nazunguka mikoani na sanduku la bisibisi, springi na mawe ya kupimia, nikifungua mizani za buchani, sokoni na mialoni wanakoshusha samaki, nikizisafisha na kuzirudisha kwenye sifuri kabla wenyewe hawajazipeleka kwa Wakala wa Vipimo kuhakikiwa na kugongewa muhuri wa mwaka. Sanduku lenyewe lina uzito wa aibu. Kondakta akilinyanyua mara moja, safari ya pili ananiambia nipande nalo mwenyewe. Kwa kazi hii karibu nusu ya mwaka silali kwangu, na asiyelala kwake anakula kwa watu. Nimekula ugali mbichi, nimekula samaki aliyenilaza siku mbili, nimelipa bei ya harusi kwa sahani ya chipsi. Siku hizi hayanipati mara kwa mara, na sababu ni mambo machache ambayo nayaandika hapa kwa ajili ya yeyote anayeshuka stendi ya mji ambao hana hata shangazi.

Kwanza, swali

Wengi wetu tukifika tunauliza, "Samahani kaka, wapi hapa kuna chakula kizuri?" Swali hilo ndilo linalotuponza. Mwenyeji akiulizwa hivyo hakuambii anapokula yeye. Anakutajia mahali ambapo hataona haya kumpeleka mgeni: penye vigae, feni, na viti vilivyovishwa vitambaa kama bibi harusi. Hana nia mbaya, ni heshima tu.

Mji mmoja wa nyanda za juu niliuliza hivyo mapokezi ya gesti. Nikaelekezwa kwa uhakika kabisa, kushoto, kulia, utaona taa za rangi. Nikaziona. Nikaletewa orodha ya vyakula ya kurasa nane, nikaagiza kuku, nikasubiri saa nzima na ushee, akaja kuku wa moto juu na barafu kwenye mfupa. Kesho yake nikajua kwamba jikoni mle anapika shemeji yake yule dada wa mapokezi. Sikumlaumu sana. Na mimi nina shemeji.

Tangu hapo nauliza hivi: "Wewe jana mchana ulikula wapi?"

Mtu akiulizwa swali hilo hana muda wa kukuchagulia. Anacheka kidogo, anajikuna kichwa, anasema, "Aa, sisi tunakula hapo tu kwa mama, nyuma ya gereji." Maneno mawili hayo, "hapo tu", ndiyo ninayoyasafiria. Ukiyasikia, uliza njia.

Ila chagua wa kumuuliza. Mfanyakazi wa gesti mara nyingi anakula palepale gestini. Bodaboda anaijua mitaa yote, lakini mchana anakula panapompa sahani ya kilima kwa hela ndogo na mahali pa kuegesha. Mwamini kwa chipsi za usiku. Watu wangu ni wale wanaokaa mahali pamoja kutwa nzima na kula kwa hela ya mfukoni mwao: fundi cherehani wa barazani, wakala wa pesa za simu, mlinzi wa zamu ya mchana, karani wa mahakama. Nikiwa mji mgeni kabisa na sina kazi sokoni, natembea hadi mahakama ya wilaya au hospitali ya mkoa, naangalia akina mama lishe waliozunguka uzio. Wateja wao ni walewale Jumatatu hadi Ijumaa, na mpishi akiharibu maharage Jumatatu, Jumanne atasemwa usoni.

Stendi ni kinyume chake. Anayekula stendi ana basi la kuwahi na hatarudi, na mpishi anajua hatarudi. Sisemi wote ni wabaya. Nasema hawana wa kuwaonya. Pembeni ya barabara kuu, hata hivyo, ukiona malori ya masafa yameegeshwa mstari na madereva wamevua viatu, kaa hapo ule. Wale wanapita njia ileile kila wiki na kinyongo chao hakiishi.

Mizani haina mdomo, ila inasema

Sasa nije kwenye siri ya kazi yangu. Ninapofungua mizani ya buchani asubuhi, nakaa pale saa moja, pengine mbili. Nawaona wanaonunua. Na nimejifunza kwamba chakula cha mchana unaweza kukijua saa mbili asubuhi, kabla hakijatiwa chumvi.

Uliza muuza nyama: "Nani anakusumbua zaidi hapa?" Usimuulize mteja wake mkubwa. Mteja mkubwa anaagiza kwa simu kilo 30, anachukua kitakacholetwa, na ndiye mwenye ule ukumbi wa taa za rangi. Anayesumbua ni yule mama anayefika mwenyewe, anaomba mguu ugeuzwe, anakataa kipande kilichokatwa jana, anataka mfupa wa uboho na si wa mbavu. Moshi, pale soko la Mbuyuni, muuza nyama alinitajia kwa kunung'unika mzee mmoja anayechukua mifupa kila alfajiri kwa ajili ya mtori. "Huyo meku ananichelewesha kila siku, anachagua mifupa kama anachagua mchumba." Saa moja na nusu asubuhi ya siku ya pili nilikuwa kwenye benchi la meku. Mtori wake ulikuwa mzito kiasi kwamba kijiko kilisimama, ndizi zimepondeka zote, na juu yake mafuta ya mifupa yanang'aa kama macho. Nilikula bakuli mbili, nikakosa chakula cha mchana kwa kushiba.

Mwanza nenda Kirumba, Mwaloni. Kunanuka dagaa tangu barabarani, usijali, utazoea kabla hujafika kwenye mizani. Mizani za pale nazijua kwa tabia: ya dagaa wakavu inabeba magunia na haina adabu, ya mabondo ya sangara, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwake, inapimwa kwa kushikilia pumzi, maana bondo moja kubwa lina thamani kuliko samaki aliyelitoa, na hapo ukimkosea mtu gramu kumi mnagombana. Lakini wewe unatafuta pa kula, basi simama penye sato. Sato wakimwagwa, kuna wanaonunua fungu zima bila kuinama, na kuna wanaoinama. Wanaoinama wanafunua shavu kutazama kama ndani pangali pekundu, wanabonyeza ubavu kuona kama nyama inarudi, wanatazama jicho kama limevimba au limedidimia. Mtazame anayeinama, kisha tazama ndoo yake inaelekea wapi. Ukiona haya kumfuata mtu, muulize aliyemuuzia: "Yule mama anapika wapi?" Hakuna muuza samaki asiyejua, maana wengine huwa wanamdai.

Wauza mkaa nao ni mashahidi wazuri. Anayechoma nyama vizuri anachagua mkaa mgumu, wa vipande vikubwa, na anagomba akipewa vumbi. Mombasa, nilipokwenda harusini kwa upande wa mama, sikuwa na mizani ya kufungua, basi nikaenda Marikiti kwenye wauza viungo. Nikamuuliza mzee mmoja ni nani anayenunua hiliki nzima badala ya iliyosagwa. Akanitajia nyumba mbili, na akanionya kuwa ya pili inapika biriani siku ya Ijumaa tu. Mtu anayesaga hiliki yake mwenyewe hawezi kukupikia ovyo. Sijawahi kuona.

Tazama mwezi kabla ya kutazama simu

Ramani za simu naziheshimu. Zinanionyesha njia na zinaniambia kama mahali pamefungwa. Lakini nyota wanazopewa wenye mahoteli nyingi ni za watu waliopenda mandhari na choo, na yule mama wa nyuma ya gereji hayumo kabisa. Na kuna jambo ambalo ramani haitakwambia: leo ni siku ya kula nini.

Hili nilifundishwa Kigoma. Nilishuka kwenye treni nikiwa nimeota dagaa wabichi njia nzima tangu Tabora. Jioni nikaenda Kibirizi, mbalamwezi imetanda juu ya ziwa, kila kitu cheupe, nikajiona mwenye bahati. Mama niliyemkuta akipika aliniacha nimalize kuagiza, kisha akaangalia juu, akanielekeza kwa kidole kama anayemwonyesha mtoto ndege.

"Unauona ule?"

"Naona, mama."

"Sasa ukiwa ule umewaka hivi, dagaa watoke wapi?"

Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Wavuvi wanawasha, dagaa wanafuata mwanga, nyavu zinapandishwa. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa zima lina taa na dagaa hawana sababu ya kufuata ya kwako. Siku hizo mitumbwi mingi hupumzika. Ziwa Victoria nako ni hivyohivyo. Kwa hiyo mtu akikuuzia dagaa wabichi mbalamwezi ya katikati, muulize ni wabichi wa lini. Mama yule alinipa migebuka wa kubanika aliowarudisha kwenye chungu kwa mawese, mchuzi mwekundu, mzito, wenye harufu ya moshi na kitu kama karanga, na ugali wa muhogo wa kuvutika. Nikasahau dagaa. Namba yake ndiyo ile ya "Migebuka Kigoma", na sasa kabla ya safari nampigia kuuliza mwezi ukoje, ingawa mwezi ni ule ule ninaouona Dar.

Pwani mambo yanageuka. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndipo bamvua, maji yanatoka mbali, miamba inabaki wazi, na watu wanashuka kutafuta pweza. Ukiwa Kilwa, Pemba au Bagamoyo siku za bamvua, ulizia pweza wa nazi. Siku za maji mafu, kula kingine. Na kusi likivuma kwa nguvu, katikati ya mwaka, ngalawa ndogo hazitoki hovyo. Mpishi mkweli atakwambia, "Leo samaki hamna, upepo." Huyo keti kwake, hata kama utakula maharage.

Siku nazo zina chakula chake. Dodoma, ukiweza panga uwe na Jumamosi, uende mnadani Msalato ule nyama choma penye vumbi na kelele za ng'ombe. Na hapo ruhusu fundi akupe ushauri wa bure. Kabla nyama haijawekwa, hakikisha mshale uko kwenye sifuri. Simama mbele ya uso wa mizani, si pembeni, maana ukitazama kwa upande mshale unaonekana umesogea. Tafuta muhuri wa mwaka huu. Na ukishapimiwa mbichi, usije ukaitaka ipimwe tena imeiva ukaanza vurugu. Moto unakula maji, kilo haitarudi kilo. Nimeamua ugomvi wa namna hiyo zaidi ya mara moja, sanduku langu likiwa shahidi.

Singida ni kuku, kila mtu anajua. Lakini kuku wa kienyeji ni mgumu kama walimu wa zamani, hapikiki kwa haraka. Agiza, ukafanye shughuli zako, urudi baada ya saa moja na nusu. Akitoka dakika kumi, ama alipikwa jana ama si wa kienyeji. Mimi nikiwa pale nakunywa supu yake asubuhi na limao na pilipili mbuzi, basi.

Mombasa asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, na ukichelewa kitandani mpaka saa nne utakuta sufuria linaoshwa. Jioni ndipo viazi karai vinatoka. Unguja ukiwa mwezi wa Ramadhani usitafute chakula mchana, tulia, subiri futari, na ukibahatika kukaribishwa nyumbani usikatae mara mbili.

Bakuli za nyumbani

Nikishafika mahali nilipoelekezwa siingii moja kwa moja. Napita kwanza kama mtu mwenye safari zake. Hapa ndipo kuna dalili moja ninayoiamini kuliko zote.

Niliiona Unguja. Forodhani usiku nakwenda kutembea, nanunua juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, natazama vijana wanavyojirusha baharini. Kula, nakula mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe. Alasiri moja nilikuwa natafuta urojo, na kila niliyemuuliza alikuwa na wake anayemsifu. Nikaacha kuuliza, nikasimama kwenye njia panda. Kikapita kitoto cha kike na kanzu ya chuo, kimebeba bakuli la bati lenye maua, tupu. Dakika mbili, kingine na hotpoti. Kisha mwanamke na kikombe kikubwa cha plastiki chenye mfuniko. Wote wanakata kona ileile. Nikafuata. Kulikuwa na meza moja chini ya mwembe, bibi mmoja na sufuria la urojo wa manjano, pembeni bajia, kachori, viazi, mishkaki midogo, chipsi za muhogo za kuvunjia juu, chatini ya nazi na chupa ya pilipili isiyo na jina. Mabakuli ya mtaa mzima yamepangwa foleni mbele yake badala ya watu.

Mtaa unaotuma watoto na vyombo vya nyumbani umeshamjaribu mpishi miaka mingi. Watu wanaweza kuvumilia chakula kibaya wakiwa njiani, lakini hawakileti nyumbani wakawape wazee wao.

Dalili nyingine nazitaja kwa haraka. Maji ya kunawa yakiwa ya uvuguvugu na sabuni ipo, jikoni kuna mtu anayefikiri. Sufuria chache ni bora kuliko nyingi. Uliza, "Leo kuna nini?" Akijibu "Kila kitu kipo", shukuru uondoke, maana hakuna jiko la kuni mbili lenye kila kitu. Akijibu "Wali umebaki kidogo, kisamvu ndiyo naipua", vuta kiti. Kachumbari ikatwe ukiiona, isiwe imekaa tangu asubuhi. Supu inywe inayotokota, na chapati ile iliyo juu ya kikaango, si iliyo chini ya rundo. Inzi wachache wapo kila mahali, lakini chakula kisichofunikwa kisikupate. Na tazama sahani zinazorudishwa kuoshwa. Zikirudi na mifupa mitupu, umefika.

Ukiwa umefika saa nane na nusu mchana ukakuta vimeisha, usisikitike, umepata habari njema kwa ajili ya kesho. Mahali pazuri pa mama lishe panaanza kupakua saa sita na kufika saa nane sufuria zinaanza kulia. Mimi sasa nakula saa sita kasoro, kama mfungwa.

Adabu ya benchi

Salimia kabla ya kuagiza. Hili vijana wa Dar wanalisahau, wanaingia wanasema "Oya, niwekee wali nyama." Mwenyewe akiwa mtu mzima, shikamoo kwanza, kisha "pole na moto", kisha ndipo unauliza kilichopo. Mara nyingi shikamoo yangu imeniletea kipande ambacho hakikuwa cha kuuza. Uliza bei mapema na kwa sauti ya kawaida, si aibu. Ukikuta benchi lina watu, sema "jamani, tukaribie?", keti, usijitenge na simu yako. Picha, omba. Kuna mama aliniambia, "Piga chakula, mimi usinipige, sijajifunga vizuri," na akafunika nywele palepale kwa khanga ingawa nilikuwa nimeshaiweka simu mfukoni.

Na rudi siku ya pili. Siku ya kwanza wewe ni mteja. Siku ya pili anakukumbuka, anakuuliza kama ulilala salama, anakuwekea ukoko. Safari zangu nyingi ni za siku tatu, na chakula ninachokikumbuka mpaka leo karibu chote ni cha siku ya pili au ya tatu.

Huyo wa "Changu Tanga" nilimpata hivyo. Nilikuwa soko la samaki la Deep Sea nimefungua mizani ya kuning'inia ya kijana mmoja, springi iko mkononi, akaja mwanamke wa makamo na ndoo ya njano. Akabonyeza changu wa kwanza kwa dole gumba, akaacha. Wa pili akamfunua shavu, akaacha. Wa nne akamchukua, akasubiri nirudishe mizani kwenye ndoano, samaki akapimwa, akatikisa kichwa.

"Mizani yako ina njaa, mwanangu. Kila siku inakula changu kabla yangu."

Kijana akaapa. Mama akalipa, akaondoka. Nikamuuliza kijana ni nani yule. "Anapika Ngamiani. Kila siku ananiita mwizi na kila siku anarudi."

Mchana nikaenda. Ngamiani mitaa yake ni ya namba, hupotei. Baraza la saruji, mabenchi matatu, pazia la khanga mlangoni. Nikatoa shikamoo, akaitikia "Marahaba baba", kisha akanikazia macho. "Si wewe uliyekuwa unaichokonoa mizani ya yule mwizi?" Nikakiri. Akaniletea changu mzima, amekaangwa kwanza ngozi ikakauka, kisha akamwagiwa nazi nzito iliyotiwa ukwaju, wali wa nazi pembeni, na kisahani cha pilipili ya kusaga na embe bichi lililokatwa nyembamba. Mgongo ulikuwa bado unatoa maji ya samaki, haukukauka hata kidogo. Sikusema neno mpaka upande wa kwanza ulipoisha. Yeye alikuwa amesimama mlangoni anatazama nitakavyomgeuza, maana pwani kuna wasiomgeuza samaki na kuna wanaoinua mgongo wote kwa pamoja. Niliinua mgongo. Akarudi jikoni.

Siku ya tatu, nikiwa nakula, akatoka na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Mizani ndogo ya springi, ya zamani, kutu la chumvi limekula kingo.

"Hii ndiyo shahidi wangu. Kila changu ninayemnunua kwa yule nampima tena hapa. Kila kilo inapungua."

Nikanawa mikono, nikatoa jiwe langu la kilo moja, nikalitundika. Mshale ukapanda, ukakwama, ukasimama kwenye gramu 920. Nikaligusa, nikalishusha, nikalitundika upya. 920. Kutu lilikuwa limebana springi haitaki kushuka mpaka mwisho. Nikamwangalia mama, mama akaangalia mshale, kisha jiwe, kisha mshale tena. Baraza lote likanyamaza, na fundi cherehani wa jirani akaacha kukanyaga pedali.

"Hilo jiwe lako ni zima?"

"Lina muhuri, mama."

Akaichukua mizani yake, akaifunga taratibu kwenye kitambaa kilekile. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na sahani yenye kichwa cha kolekole, kile alichokuwa amejiwekea mwenyewe, akakiweka mbele yangu na kuinama karibu na sikio langu.

"Kula, baba. Ila yule wa Deep Sea usimwambie."

Kesho yake asubuhi, kabla ya basi, nilipita sokoni kuchukua hela yangu. Mama alikuwa pale na ndoo ya njano, changu yuko kwenye ndoano, na sauti yake naisikia tangu getini: "Mizani yako ina njaa!"